Msingi Kwanza, Mkwaruzo Baadaye: Kuchagua Pedali ya Ovadraivu na Fazi kwa Gitaa la Besi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii humsuta yule anayepoteza msimu wa mvua akikagua mipini ilhali wenzake wamekwisha kupanda. Hata hivyo, ipo kazi ambamo jembe lisipochaguliwa kwa makini, shamba zima huharibika mbele ya macho ya watu. Kazi hiyo ni upigaji wa gitaa la besi kwa kutumia pedali, yaani kile kisanduku kidogo cha chuma ambacho mwanamuziki hukiweka sakafuni na kukikanyaga ili kubadilisha sauti ya ala yake.

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuchagua pedali itoayo sauti za aina mbili, ovadraivu na fazi, ambayo italifaa gitaa la besi katika mazingira mengi. Huenda msomaji akauliza: jambo hili lina uhusiano gani na wanafunzi wa Kiswahili? Uhusiano upo kwa njia mbili. Kwanza, wengi wetu tunapiga muziki katika bendi za vyuo, katika kwaya na makanisani, na fedha tunazonunulia vifaa ni haba. Kosa moja dukani huweza kumgharimu mwanafunzi akiba ya muhula mzima. Pili, lugha isiyoweza kueleza vifaa vya kazi vya vijana wake huachwa mlangoni vijana hao wanapoingia kazini.

Dai letu ni moja. Pedali inayofaa kazi nyingi si ile yenye sauti nyingi zaidi, bali ni ile ambayo, hata inapokwaruza kwa nguvu zake zote, hainyang'anyi besi sauti yake ya asili.

Besi ilipozimika

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupiga besi katika bendi ya wanafunzi. Siku chache kabla ya tamasha, aliazima pedali ya ovadraivu kwa mpigaji gitaa mwenzake. Alipoijaribu chumbani peke yake, sauti ilikuwa tamu ajabu: nzito, kali na yenye makali ya kukereza. Usiku wa tamasha alingoja hadi kiitikio, akaikanyaga kwa majivuno. Papo hapo wimbo ukapoteza sakafu. Waimbaji waligeuka nyuma kutazama kulikoni. Mpigaji ngoma, akihisi pengo, alianza kupiga kwa nguvu zaidi. Waliokuwa wakicheza walisita kama watu waliokosea ngazi gizani.

Baada ya tamasha, mzee mmoja aliyekuja kumsikiliza mjukuu wake alimwendea mwandishi na kumuuliza kwa upole, “Kijana wangu, mbona lile gitaa lenu kubwa lilizimika pale katikati?”

“Halikuzimika, mzee wangu. Ndipo nilipoliongezea nguvu.”

“Basi nguvu hizo zilikwenda wapi?”

Swali la mzee huyo ndilo chanzo cha makala haya. Nguvu zilikwenda wapi? Ili kulijibu, hatuna budi kuanza na kazi ya besi yenyewe.

Kazi ya besi katika muziki

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi 4. Uzi mzito kabisa, uitwao E, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Unaofuata, A, hutetema mara 55. D takriban mara 73. Na G mara 98. Besi zenye nyuzi 5 huongezewa uzi wa B, ambao hutetema takriban mara 31 kwa sekunde. Mitetemo hii ya chini ndiyo inayousikika kifuani kabla ya kusikika masikioni. Katika benga na rumba, na hata katika nyimbo za ibada, besi hushirikiana na ngoma kuujenga msingi ambao juu yake magitaa, kinanda na sauti za waimbaji husimama.

Lakini noti ya besi si mtetemo mmoja tu. Uzi wa E unapopigwa, pamoja na mtetemo wa 41 hutokea pia mitetemo midogo ya juu yake: 82, 124, 165 na kuendelea. Mitetemo hii inayoandamana na noti huitwa hamoniki. Hamoniki ndizo zinazotuwezesha kutofautisha besi na tarumbeta hata zinapopiga noti ile ile. Isitoshe, zina kazi nyingine ya ajabu. Spika ndogo, kama ile ya simu au ya redio ya mkononi, haiwezi kutoa mtetemo wa 41. Hata hivyo, sikio likisikia 82, 124 na 165 kwa pamoja, ubongo huujaza wenyewe ule mtetemo uliokosekana, na msikilizaji huhisi kuwa ameisikia noti ya chini.

Hapa ndipo tunapoanza kuona faida ya pedali. Ovadraivu na fazi huongeza hamoniki. Zikitumiwa kwa busara, huifanya besi isikike vizuri hata katika redio ndogo au katika ukumbi wenye kelele. Zikitumiwa ovyo, huongeza zile sauti za juu na kuupoteza mtetemo wa chini ambao ndio besi yenyewe.

Namna sauti inavyokwaruzwa

Umeme utokao katika gitaa hupanda na kushuka mithili ya mawimbi ya bahari. Ndani ya pedali, umeme huo hukuzwa hadi kufikia dari ambayo hauwezi kuipita. Hebu tuchukue mfano wa mtu mrefu anayeingia katika nyumba yenye dari ya chini. Akiinamisha shingo taratibu, ataingia akiwa amepinda kidogo tu. Lakini akiingia kwa kishindo, kichwa chake kitagongwa na kubanwa bapa. Vivyo hivyo, vilele vya wimbi huweza kuviringwa kwa upole au kukatwa wima.

Kuviringwa kwa upole ndiko kunakozaa ovadraivu. Sauti hii ilitokana na amplifaya za valvu zilizofunguliwa hadi zikaelemewa. Lemmy, mwimbaji na mpigaji besi wa bendi ya Motörhead ya Uingereza, alijulikana kwa kuzielemea amplifaya zake za Marshall namna hiyo. Sifa ya ovadraivu ni kwamba humtii mpigaji: akigusa uzi kwa wepesi, sauti hubaki safi; akiupiga kwa nguvu, hukwaruza.

Kukatwa wima ndiko kunakozaa fazi. Hapa wimbi hupoteza umbo lake la mviringo na kukaribia umbo la mraba. Hamoniki huwa nyingi mno, na tofauti baina ya mpigo mwepesi na mpigo mzito hukaribia kutoweka, kwani vyote viwili vimegonga dari ile ile. Noti hudumu muda mrefu, kisha mwishoni hukatika ghafla kwa mkoromo.

Kazi ya kuviringa au kukata aghalabu hufanywa na diodi au transista. Diodi za silikoni huanza kukata umeme unapofika takriban volti 0.6, zile za jemaniamu huanza mapema zaidi, karibu na volti 0.3, nazo hukata kwa ulaini zaidi. Ndiyo maana pedali mbili zenye vifundo vinavyofanana kabisa huweza kutoa sauti zisizofanana hata kidogo.

Suala la majina

Kabla hatujaendelea, inafaa tutue kidogo kwenye istilahi. Maneno ovadraivu na fazi tumeyatohoa ili yakubaliane na matamshi ya Kiswahili. Hata hivyo, Kiswahili hakikosi maneno ya kueleza sauti hizi. Tunasema sauti ya mtu imekwaruza anapopatwa na mafua, na maneno yake bado husikika. Hiyo ndiyo ovadraivu. Tunasema mtu anakoroma pale ambapo sauti humeza maneno yote ikabaki mvumo mmoja. Hiyo ndiyo fazi. Kwa hiyo, ingawa tutatumia majina yaliyotoholewa, msomaji anaweza kuwaza juu ya mkwaruzo na mkoromo, na hatapotea.

Tofauti hii ya kimaana si pambo. Mnunuzi anayeweza kumwambia mwenye duka, “Nataka ikwaruze lakini maneno yasikike,” amekwisha kuepuka nusu ya makosa yanayofanywa na wanunuzi wengi.

Chimbuko: kasoro iliyopendwa

Wengi hudhani kwamba fazi ilibuniwa kwa ajili ya gitaa la kawaida, kisha besi ikaazima. Historia inasimulia vingine. Wakati wa kurekodi wimbo “Don’t Worry” wa Marty Robbins, uliotolewa mwaka wa 1961, mpigaji Grady Martin alikuwa akitumia gitaa la besi lenye nyuzi 6 katika studio moja mjini Nashville, Marekani. Miksa ya kurekodia ilipatwa na hitilafu, na sauti ya besi hiyo ikatoka ikiwa imekwaruzika vibaya. Badala ya kuifuta, waliiacha. Fundi mitambo Glenn Snoddy aliichunguza kasoro hiyo na, akishirikiana na Revis Hobbs, akabuni saketi ya kuizalisha kwa makusudi. Mnamo 1962 kampuni ya Gibson ilianza kuiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone.

Miaka mitatu baadaye, yaani 1965, kikundi cha Beatles kilitoa albamu ya Rubber Soul. Katika wimbo “Think for Yourself”, Paul McCartney alipiga besi yenye fazi. Jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba besi ya kawaida isiyokwaruzwa nayo ilirekodiwa katika wimbo uo huo. Fazi ilipewa nafasi ya kuzungumza kama gitaa, huku besi safi ikiendelea kuushikilia msingi.

Wazo la kuandamanisha sauti safi na mkwaruzo si geni barani Afrika. Mbira ya Washona wa Zimbabwe hufungwa makombe au vizibo vya chupa ambavyo hutetema na kuvuma kila kibao kinapobonyezwa. Mvumo huo si kasoro. Ni sehemu ya utamu wa ala. Lakini tuzingatie: mvumo huandamana na noti, hauifukuzi. Atakayelielewa jambo hili moja amekwisha kuelewa kigezo kikuu cha kuchagulia pedali ya besi.

Kwa nini pedali ya gitaa huidhulumu besi

Sasa twaweza kulijibu swali la yule mzee. Pedali nyingi za ovadraivu zilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la kawaida, ambalo uzi wake mzito hutetema takriban mara 82 kwa sekunde. Mafundi waligundua kwamba sauti za chini zikiingia katika saketi ya kukata vilele, matokeo huwa matope. Kwa hiyo waliweka vichujio vya kuzipunguza. Mfano mashuhuri ni Tube Screamer ya kampuni ya Ibanez, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970. Saketi yake hukuza kwa ukamilifu sauti zilizo juu ya takriban mitetemo 720 kwa sekunde, na kadiri sauti inavyoshuka chini ya hapo ndivyo inavyokuzwa kwa uchache. Kwa gitaa la kawaida, uamuzi huo ni wa busara. Kwa besi yenye noti zilizo kati ya mitetemo 41 na takriban 400, ni sawa na kumpima mtu mzima kwa nguo za mtoto.

Chumbani hatulitambui tatizo hili kwa sababu sikio huvutwa na sauti za juu, na hakuna ala nyingine ya kushindana nayo. Jukwaani, magitaa na matoazi tayari yamezijaza sauti za juu. Besi iliyopoteza chini yake haina mahali pa kukaa, inafunikwa kabisa. Nguvu alizoziulizia mzee zilikwenda juu, mahali ambapo hazikuhitajika.

Vigezo vya kuchagua

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza vigezo sita.

Kigezo cha kwanza ni kifundo cha mchanganyiko. Kifundo hiki huigawa sauti ya besi katika njia mbili: moja hupitia saketi ya kukwaruza, nyingine hupita ikiwa safi, kisha zote hukutanishwa kwa kipimo anachokitaka mpigaji. Kwa njia hii mkwaruzo huandamana na noti kama vizibo vya mbira. Boss ODB-3, iliyotoka mwaka wa 1994, ina kifundo cha namna hii. Kadhalika SansAmp Bass Driver ya Tech 21 na Microtubes B3K ya Darkglass, kampuni ya Helsinki nchini Ufini. Bass Big Muff ya Electro-Harmonix nayo ina swichi ya kuongeza sauti safi. Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. Sauti safi ndiyo mbachao wa mpigaji besi.

Kigezo cha pili ni upana wa nguvu. Pedali ifaayo kazi nyingi yapaswa kuanzia mkwaruzo hafifu, ambao msikilizaji hautambui ila huhisi besi imepata uhai, hadi mkwaruzo mzito. Hapa tahadhari inahitajika. Kukizungusha kifundo cha nguvu cha ovadraivu hadi mwisho hakuifanyi kuwa fazi. Hubaki ovadraivu iliyochoka. Anayehitaji sauti zote mbili atafute pedali yenye saketi mbili zinazokanyagwa kwa swichi tofauti, au yenye swichi inayobadilisha namna ya kukata wimbi. Akikosa, ni afadhali anunue mbili rahisi kwa nyakati mbili.

Kigezo cha tatu ni sauti za kati. Fazi nyingi zinazofuata mfano wa Big Muff, iliyoanza kutengenezwa New York mwaka wa 1969, huwa na bonde katika sauti za kati. Bonde hilo hupendeza mpigaji anapokuwa peke yake, lakini katika bendi ndilo humfanya asisikike, kwa kuwa sauti za kati ndizo hubeba mwanzo wa kila noti. Pedali yenye kifundo cha kuzipandisha ni bora zaidi.

Kigezo cha nne ni uwiano wa kiasi cha sauti. Pedali inapokanyagwa, besi isipande wala kushuka ghafla isipokuwa mpigaji ametaka. Kifundo cha kiwango kiwe na nafasi ya kutosha ya kupandisha, kwa maana mkwaruzo hubana sauti, na besi iliyobanwa huonekana ndogo kuliko ilivyokuwa.

Kigezo cha tano ni umeme na joto. Pedali nyingi hutumia volti 9, na plagi yake huwa na upande hasi katikati. Lakini baadhi ya fazi za kale, na zile zinazoziiga kwa transista za jemaniamu, hupanga umeme kinyume. Zikiunganishwa katika waya mmoja na pedali nyingine, huleta mzunguko mfupi wa umeme. Isitoshe, jemaniamu hubadilika kutokana na joto. Fazi iliyosikika vizuri katika ubaridi wa Limuru asubuhi huenda ikawa nyingine kabisa jukwaani Mombasa alasiri. Anayesafiri na bendi atafanya vyema kuchagua silikoni. Na anayetumia betri akumbuke kuchomoa waya wa kuingilia baada ya kupiga, kwani katika pedali nyingi waya huo ndio huiwasha betri.

Kigezo cha sita ni aina ya besi na njia ya kufikia spika. Besi zenye betri ndani hutoa umeme mkubwa kuliko zisizo na betri; pedali yenye swichi au kifundo cha kuupokea umeme huo bila kuelemewa ina manufaa. Zaidi ya hayo, katika kumbi na makanisa yetu mengi hakuna amplifaya ya besi: waya huenda moja kwa moja kwenye miksa. Amplifaya ya besi ikikosekana, hukosekana pia spika yake, ambayo kwa kawaida hupunguza sauti kali za juu. Fazi iliyopelekwa kwenye miksa bila kupunguzwa hivyo husikika kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Kwa sababu hii, pedali yenye tundu la kuunganishia miksa, pamoja na saketi inayoiga spika, humfaa mwanafunzi wa hapa kuliko mapambo mengine yote.

Jaribio la dukani

Kusoma vigezo ni jambo moja, kusikia ni jingine. Tunapendekeza mnunuzi aende dukani na besi yake mwenyewe, kwa kuwa pedali ile ile hubadilika kutoka besi moja hadi nyingine. Akifika, afanye majaribio yafuatayo kwa utaratibu.

Aanze kwa kupiga noti ya chini kabisa bila pedali, kisha aikanyage bila kubadilisha kitu kingine. Asisikilize kilichoongezeka, asikilize kilichopungua. Ikiwa kifua hakihisi tena mtetemo, azungushe kifundo cha mchanganyiko. Kama mtetemo haurudi, asitie mkono mfukoni.

Pili, akiweke kifundo cha mchanganyiko katikati kabisa. Katika pedali zilizoundwa vibaya, sauti safi na sauti iliyokwaruzwa huenda kinyume: moja inapopanda nyingine hushuka, nazo huuana. Dalili yake ni besi kuwa nyembamba katikati kuliko katika ncha zote mbili.

Tatu, apige noti mbili kwa pamoja. Mkwaruzo huzalisha noti za ziada kutokana na tofauti ya mitetemo. Akipiga A yenye mitetemo 110 pamoja na E yenye takriban 165, tofauti yake ni 55, ambayo ni A ya chini. Matokeo ni mazito na matamu. Lakini akipiga A hiyo pamoja na C kali yenye takriban 139, tofauti ni karibu 29, noti isiyopatana na yoyote kati ya hizo mbili. Matokeo ni matope. Jaribio hili humfundisha kwamba fazi hudai noti chache, na humwonyesha kiasi gani pedali hiyo inavumilia.

Nne, apige kwa upole, kisha kwa nguvu. Ovadraivu njema itamtofautishia mipigo hiyo, fazi haitamtofautishia. Hatimaye, kama inawezekana, amwombe mwenzake apige ngoma au gitaa pamoja naye. Nyumba njema si mlango. Uzuri wa pedali hujulikana ndani ya bendi.

Mwenye fedha za pedali moja tu

Iwapo fedha zinatosha pedali moja pekee, na haipatikani yenye sauti zote mbili, tunashauri ovadraivu yenye kifundo cha mchanganyiko. Sababu ni za kimatumizi. Katika tamasha la saa mbili, mkwaruzo hafifu waweza kutumiwa katika nyimbo nyingi, kuanzia benga hadi nyimbo za ibada, bila mtu kushtuka. Fazi huwa na mahali pake: utangulizi wa wimbo, pengo ambalo magitaa yamenyamaza, au wimbo wa roki ambao besi ndiyo inayobeba mada kuu. Ikipigwa mfululizo, humchosha msikilizaji upesi, nao wahenga walituonya kuwa ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Hata hivyo, ushauri huu si sheria. Mpigaji katika bendi ya watu watatu yenye gitaa moja tu anaweza kuihitaji fazi zaidi, kwa sababu gitaa linapopiga noti za kipekee, besi ndiyo inayobaki kuujaza ukumbi. Kila mmoja aanze kwa kuiuliza bendi yake inahitaji nini, si kwa kujiuliza yeye anatamani nini.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kazi ya besi, namna mkwaruzo unavyoundwa, tofauti kati ya ovadraivu na fazi, na vigezo vya kuchagua pedali inayozihudumia zote mbili. Tumeona kwamba fazi ilizaliwa kutokana na kasoro ya mashine iliyopitia besi ya nyuzi 6, na kwamba tangu 1965 wanamuziki walitambua umuhimu wa kuiandamanisha na sauti safi. Tumedai kuwa uwezo wa kuihifadhi sauti hiyo safi ndio unaoifanya pedali ifae kazi nyingi.

Mwandishi alimrudishia mwenzake ile pedali kesho yake asubuhi. Alikaa mihula miwili akipiga bila pedali yoyote huku akidunduliza, kisha akanunua moja yenye kifundo cha mchanganyiko. Katika tamasha lililofuata, kiitikio kilipofika aliikanyaga tena, safari hii kwa hofu kuliko majivuno. Hakuna mwimbaji aliyegeuka nyuma. Huenda hiyo ndiyo sifa kubwa kabisa anayoweza kupewa mpigaji besi: kwamba amebadilisha kila kitu, na wenzake wakaendelea kusimama imara bila kujua ni kwa nini.